Sahani kujaa si mwili kulishwa

Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayolisha Tanzania. Mahindi yake hujaza maghala ya serikali, viazi vyake hushushwa alfajiri katika masoko ya Dar es Salaam, na maharage, maziwa na mboga za majani si vitu adimu huko. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa, wakati udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini kote ulikuwa asilimia 30, Iringa ulizidi asilimia 50, na Njombe na Rukwa nako takriban nusu ya watoto walikuwa wamedumaa. Sababu ni nyingi na hazifanani kila kijiji: kina mama wanaoshinda shambani, watoto wanaolishwa mara mbili kwa siku badala ya nne au tano, mlo wa nafaka moja tangu Januari hadi Desemba. Lakini jambo moja liko wazi. Hesabu ya magunia haitoshi kutuambia hali ya lishe ya watu. Kati ya chakula kilichovunwa na mwili uliojengeka kuna safari ndefu, na sehemu ya safari hiyo tunayoizungumzia kidogo kuliko zote ndiyo inayofanyika ndani ya tumbo. Hoja ya makala haya ni kwamba afya hujengwa na kile kinachovuka ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Kwa hiyo maswali ya chakula kimeandaliwaje, kimeliwa pamoja na nini, na kimepokelewa na utumbo wa hali gani yanastahili uzito uleule tunaolipa swali la kimeliwa nini.

Chakula kilichomezwa, kwa hesabu za mwili, bado kiko nje. Kinapita katika mfereji mrefu, na hakiwi mali ya mwili hadi kivuke ukuta wa mfereji huo. Mate huanza kuvunja wanga. Tumbo hutia asidi na kuanza kuvunja protini. Kongosho humwaga vimeng'enya, na nyongo hutawanya mafuta yawe matone madogo yanayoweza kushughulikiwa. Kazi kubwa ya kufyonza hufanyika katika utumbo mdogo, wenye urefu wa mita kama sita, ambao ukuta wake umefunikwa na vijidole vya nyama laini visivyozidi milimita moja hivi. Juu ya vijidole hivyo zimo seli zenye vinyweleo vidogo zaidi, visivyoonekana kwa macho. Mikunjo hiyo yote ndiyo inayoupa utumbo eneo la kufyonzea la takriban mita za mraba 30. Seli zenyewe huishi siku chache tu, kisha hukatika na kuoshwa, na mwili huzijenga upya bila kupumzika. Ujenzi huo unahitaji protini, zinki na vitamini. Hapo ndipo mzunguko mbaya wa utapiamlo unapoanzia: mtoto aliyepungukiwa hukosa vifaa vya kukarabati mlango uleule ambao chakula kingepitia kumponya.

Sayansi ilithibitisha tofauti kati ya kula na kupata kwa jaribio moja ambalo leo lingeonekana la ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari William Castle wa Boston, Marekani, alikuwa akitibu wagonjwa wa aina ya upungufu wa damu ambayo wakati huo ilikuwa ikiua. Aliwapa baadhi yao nyama ya ng'ombe kila siku, na damu yao haikuongezeka. Kisha yeye mwenyewe akala nyama ya kusaga, akaitoa tumboni mwake baada ya kama saa moja, akaiacha katika joto la mwili hadi ikalainika, na kuwapa wagonjwa kwa mpira. Siku chache baadaye chembechembe changa za damu zikaanza kuonekana kwa wingi. Nyama ilikuwa ileile. Wagonjwa walichokosa ni kitu kinachozalishwa na tumbo lenye afya, na baadaye kikajulikana kuwa ndicho kinachoisindikiza vitamini B12 hadi mahali inapofyonzwa. Funzo hilo linawahusu wengi wetu leo. Asidi ya tumbo hupungua kwa wazee wengi, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za kupunguza asidi, au ya metformin ambayo wagonjwa wengi wa kisukari huitumia, yanaweza kupunguza ufyonzaji wa vitamini hiyo. Dawa hizo zina kazi yake na hazifai kuachwa kiholela. Mgonjwa anayechoka kupita kiasi au kuhisi ganzi miguuni ana haki ya kumwomba daktari apime B12 yake, hata kama anakula nyama kila siku.

Mahindi ya watu na mahindi ya mwili

Ushahidi wa pili ni wa mataifa mazima. Wenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati, waliokuza mahindi kwa maelfu ya miaka, huyachemsha kwa chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya, mbegu zilisafiri lakini mapishi hayo yakabaki nyuma. Katika karne ya 18 ugonjwa mpya ukaanza kuandikwa na madaktari wa Hispania na Italia: ngozi inayobabuka inapopigwa na jua, kuhara, kisha kuchanganyikiwa akili na kifo. Ndio pelagra. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliwashambulia maskini wa kusini mwa Marekani, na daktari Joseph Goldberger akaonyesha kuwa chanzo chake ni mlo, si maambukizi. Leo tunajua kwamba niasini, mojawapo ya vitamini B, imo ndani ya mahindi lakini imefungwa kwa namna ambayo utumbo hauwezi kuitoa, na chokaa ndiyo huifungua. Walaji wa ugali wa Afrika Mashariki wameepuka balaa hilo kwa sababu mboga, kunde, karanga, samaki na maziwa hufidia. Fidia hiyo ikikatika, pelagra hurudi. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, wakiishi kwa mgao wa mahindi, walikosa karanga zilizokuwa sehemu ya mgao wao, na wagonjwa wa pelagra wakafikia takriban 18,000. Matumbo yalijaa, na vitamini ilikuwemo ndani ya unga, lakini miili haikuipata.

Kinachotusumbua zaidi kwa sasa ni madini ya chuma. Ule utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Si kila upungufu wa damu unatokana na kukosa chuma, kwani malaria, minyoo ya safura na selimundu navyo vina sehemu yake, lakini chuma kina sehemu kubwa. Chuma cha nyama na samaki hufyonzwa kwa urahisi. Chuma cha mchicha, maharage na nafaka hufyonzwa kwa shida, na kwa mlo unaotegemea vyakula hivyo wataalamu hukadiria kuwa asilimia 5 hadi 10 tu ndiyo huingia mwilini. Sababu moja ni fiteti, kemikali ambayo mmea huitumia kuhifadhi fosforasi ndani ya mbegu, nayo hukamata chuma na zinki na kutoka nayo nje. Ndiyo maana mjadala wetu wa dona na sembe ni mgumu kuliko unavyosemwa. Mahindi yakikobolewa hupoteza sehemu kubwa ya chuma, zinki na vitamini B pamoja na nyuzinyuzi. Dona hubaki navyo vyote, lakini hubaki na fiteti pia. Dona ni bora, ila ubora wake hukamilika pale fiteti inapopunguzwa kwa kulowesha, kuotesha au kuchachusha.

Kisha iko chai. Katika vipimo vilivyochapishwa mwaka 1999, kikombe cha chai kilichonywewa pamoja na mkate kilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa zaidi ya robo tatu, na kuongeza maziwa hakukuleta nafuu ya maana. Kwa upande mwingine, vitamini C huongeza ufyonzaji huohuo mara mbili au zaidi inapoliwa katika mlo uleule. Kwa hiyo sahani mbili za wali na maharage, zenye kipimo kilekile, zinaweza kuupa mwili kiasi tofauti kabisa cha chuma: moja ikishushiwa na chai ya rangi, nyingine ikiliwa na kachumbari iliyokamuliwa limao, na chungwa baadaye. Mboga za majani zina kanuni yake pia. Kinachogeuzwa kuwa vitamini A katika mchicha, matembele au viazi lishe huhitaji mafuta ili kifyonzwe, na kiasi kidogo tu, kijiko cha mawese au nazi iliyokunwa, kinatosha.

Msomaji makini atauliza kama vipimo vya mlo mmoja, vilivyofanywa maabara, vinasema lolote kuhusu maisha ya kila siku. Ni swali la haki. Mwili uliopungukiwa na chuma hujitahidi kufyonza zaidi, na athari ya chai katika mlo wa wiki nzima huwa ndogo kuliko inavyoonekana katika kikombe kimoja. Lakini uko ushahidi wa muda mrefu, na unatoka jirani. Huko Marafa, Malindi, pwani ya Kenya, watafiti waliwagawa watoto zaidi ya 500 katika makundi na kuwalisha uji wa dona kwa miezi mitano. Unga wa kundi moja ulitiwa chuma cha kawaida cha viwandani, na makundi mengine mawili yalipewa chuma kilichofungamanishwa na kemikali iitwayo EDTA, ambayo hukikinga dhidi ya fiteti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Chuma cha kawaida hakikuboresha hali ya watoto. Kile cha EDTA kiliiboresha, hata pale kilipotiwa kwa nusu ya kiasi. Kama wangepima uzito wa chuma kwenye gunia pekee, wangesema unga wa kwanza ni bora kuliko ule wenye nusu. Damu ya watoto ilisema vingine.

Utumbo wenyewe ukiwa mgonjwa

Hata mlo ulioandaliwa vizuri hutegemea hali ya ukuta unaoupokea. Mtoto anayetambaa kwenye ua wenye kinyesi cha kuku, akitia mikono mdomoni mchana kutwa, humeza vijidudu bila kukoma. Huenda asiharishe, lakini vile vijidole vya utumbo hufupika na kunenepa, eneo la kufyonzea hupungua, na ukuta huanza kuvujisha vijidudu kuelekea ndani. Kinga ya mwili hubaki katika hali ya vita. Uvimbe huo wa ndani, ambao mama hauoni, hulichochea ini litoe homoni iitwayo hepsidini, ambayo kazi yake ni kufunga mlango wa chuma ili vijidudu visikipate. Ni kinga yenye busara kwa siku tatu za homa. Ikidumu kwa miezi, mtoto huishiwa damu huku akila. Minyoo ya safura huongeza hasara kwa kunyonya damu moja kwa moja kutoka ukuta huohuo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba jamii zetu zilikuwa na sehemu ya jibu kabla ya maabara. Tazama uji wa mtoto. Tumbo la mtoto wa kilo nane hubeba takriban kikombe kimoja. Uji mwepesi hujaza kikombe hicho kwa maji. Uji mzito wenye nguvu ya kutosha humshinda kumeza. Ukichukua uji mzito ulio vuguvugu na kuukorogea kijiko cha unga wa kimea cha ulezi au mtama, baada ya dakika chache huanza kulegea mwikoni, na muda si mrefu hutiririka kama maziwa mazito, bila kuongezewa tone la maji. Vimeng'enya vilivyoamka ndani ya punje iliyooteshwa vimekwisha anza kazi ya kuvunja wanga. Mtoto anapata unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile. Katika miaka ya 1980 na 1990 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania pamoja na wenzao wa Sweden waliuchunguza uji huo na togwa iliyochachushwa. Walionyesha kuwa uchachushaji hupunguza fiteti na kuongeza chuma kinachopatikana, na kuwa watoto waliolishwa uji uliochachushwa walipata kuhara mara chache. Tahadhari moja ni ya lazima: punje za kimea zikaushwe haraka na vizuri, kwani zilizoota ukungu huweza kubeba sumukuvu.

Manufaa ya vyakula hivyo hayaishii utotoni. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya njema. Waliotolewa kwenye mlo wa asili wa nafaka, kunde, ndizi na mboga na kupewa mlo wa Kimagharibi kwa wiki mbili tu walionyesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka katika damu. Waliopelekwa upande wa pili, kutoka mlo wa kisasa kwenda wa asili, dalili hizo zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Nyuzinyuzi ambazo utumbo mdogo hauwezi kuzifyonza hufika kwenye utumbo mpana na kulisha bakteria wenye faida, nao huzigeuza kuwa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo huo. Mlo uliosafishwa kupita kiasi, soda na andazi jeupe, hufyonzwa haraka na kupandisha sukari, na kuwaacha bakteria hao na njaa. Kufyonza vizuri, kwa hiyo, hakumaanishi kufyonza kila kitu kwa kasi.

Mapingamizi matatu

Pingamizi la kwanza ni la umaskini. Watasema kwamba kumfundisha mama aisogeze chai mbali na ugali, ilhali nyama anaiona mara moja kwa mwezi, ni kumtwika lawama ya ufukara wake. Nakubali kwamba hakuna kinachofyonzwa kama hakipo. Yai, dagaa, maziwa na matunda lazima vifikiwe na familia zenye kipato cha chini, na hilo ni jukumu la sera kabla ya kuwa jukumu la jiko. Lakini ni kwa maskini hasa ufyonzaji una uzito mkubwa. Anayekula nyama kila siku anaweza kunywa chai yake bila hasara kubwa, maana ana akiba. Anayetegemea maharage hana pa kupoteza. Kulowesha maharage usiku kucha na kumwaga maji yake huokoa hata kuni. Elimu hiyo haiondoi wajibu wa serikali. Inalinda kile kidogo ambacho familia imeshakigharamia.

Pingamizi la pili linasema: wapeni vidonge, mambo yaishe. Vidonge vya kuongeza damu kwa wajawazito vinaokoa maisha, na hakuna hoja humu ya kumfanya mjamzito aache dozi aliyopewa kliniki. Ila historia inatuonya dhidi ya kudhani kwamba kumwaga madini mwilini ni sawa na kulisha. Utafiti mkubwa wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, ulilazimika kusitisha kuwapa watoto chuma na asidi ya foliki baada ya kuonekana kuwa waliopewa walilazwa au kufa zaidi, katika mazingira yenye malaria nyingi. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba chuma kwa watoto wa maeneo kama hayo kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Kule Kwale, pwani ya Kenya, utafiti wa mwaka 2015 kwa watoto wachanga ulionyesha kuwa chuma cha unga kinachonyunyizwa kwenye uji, kikibaki utumboni bila kufyonzwa, huwanufaisha bakteria wa magonjwa. Baadaye watafiti walipoongeza aina ya nyuzinyuzi zinazolisha bakteria wema, madhara yalipungua na ufyonzaji ukaboreka. Kidonge nacho hupita mlango uleule.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote. Kama uchafu huharibu utumbo, mbona vyoo na maji salama havikuwarefusha watoto? Magharibi mwa Kenya, jaribio lililowashirikisha wajawazito zaidi ya 8,000 liligawa klorini, vyoo bora na vifaa vya kunawia mikono, na matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha ongezeko la urefu kwa watoto wa makundi hayo. Nyongeza ya lishe ndiyo iliyoleta nafuu kidogo. Zimbabwe mambo yalikuwa karibu sawa. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba nadharia ya utumbo mgonjwa imeanguka. Mimi naona imebainisha ukubwa wa kazi. Klorini kwenye ndoo haiusafishi ua ambamo mtoto anatambaa, na choo cha nyumba moja hakizuii kinyesi cha kijiji kizima. Bomba la maji ndani ya nyumba, sakafu ngumu, mifugo iliyotengwa na eneo la watoto na vyoo kwa kila kaya ni uwekezaji wa kiwango kingine. Majaribio hayo yanatukataza kuuza suluhisho la bei nafuu kwa tatizo la bei ghali. Hayatupi ruhusa ya kuuacha utumbo wa mtoto uendelee kuungua.

Kutokana na hayo, yako mambo yanayoweza kuanza sasa. Muuguzi wa kliniki anayemuuliza mjamzito anakula nini aongeze maswali mawili: unakunywa chai saa ngapi, na maharage unayapikaje? Chai inaweza kunywewa saa moja au zaidi mbali na mlo wenye chuma, pasipo kumnyima mtu starehe yake. Shule zinazopika uji ziruhusiwe na zisaidiwe kupika wa kuchachusha. Wasagaji wadogo, ambao ndio wanaosaga mahindi ya wananchi wengi, wafikiwe na mpango wa urutubishaji wa unga badala ya kuuacha ubaki kwa viwanda vikubwa, na aina ya chuma kinachotiwa ikaguliwe, si kiasi chake pekee. Na miradi ya lishe, ya serikali na ya wafadhili, iache kujisifu kwa tani zilizogawiwa. Ipimwe kwa kiwango cha damu cha wanawake na urefu wa watoto miaka miwili baada ya chakula kugawiwa, kwa sababu hapo ndipo chakula huonyesha kama kilifika.